Kili Marathon na marafiki: mkimbie pamoja mwanzo mwisho, muachane njiani, au kila mtu na mbio zake?

Kila mwaka ukianza kuisha grupu la WhatsApp la safari ya Moshi linafunguliwa, nani analala wapi, nani ana nafasi kwenye gari, fulana ziwe rangi gani, mpaka mtori utaliwa wapi baada ya mbio unajadiliwa siku tatu. Kitu kimoja tu ndo hakijadiliwi: tukishaanza, tunakimbiaje? Maana humo ndani kuna mtu anakata kilomita moja kwa dakika tano na nusu, na kuna mtu raba zake bado zina stika ya dukani, na wote wamejiandikisha 21, yaani nusu marathoni, kilomita 21.1.

Mi nimeshakaa pande zote. Nimeshaachwa, nimeshasubiriwa, nimeshamsindikiza mtu, na nimeshamuacha mtu ambaye sikutakiwa kumuacha, nitafika huko. Kwahiyo hapa naziweka njia zote pembeni kwa pembeni mchague kabla hamjapanda basi, sio mkiwa kwenye mstari wa kuanzia watu wanapiga selfi. Natumia Kili Marathon kama mfano kwa sababu ndo ninayoijua na ndo wengi tunaanzia pale, ila hata mkienda Dodoma au Mwanza mambo ni yale yale.

Kwanza hesabu, maana watu wengi hawaipigi. Chukua watu wawili, mmoja anakimbia kilomita kwa dakika 6, mwingine kwa dakika 8. Ukisikia hivyo unasema dakika mbili ni nini bana. Zidisha sasa mara 21.1: wa kwanza anamaliza kwa saa 2 na dakika 6, wa pili kwa saa 2 na dakika 48. Ni dakika 42 hizo, mtu ameshapewa medali, ameshakunywa soda mbili, ameshaanza kuulizia mwenzie yuko wapi. Wakiwa kilomita ya kumi tu tayari wamepishana dakika 20. Sa ukisema "tutakimbia pamoja" jua unachokisema.

Alafu Kili sio tambarare. Mnatoka uwanja wa Ushirika, mnapita mjini, mkishika barabara ya Mweka ni kupanda, sio mlima wa kutisha lakini hauishi, migomba huku na huku, watoto wamejipanga wanataka uwagonge mikono, unapanda tu mpaka huko juu mnapogeuza ndo mnaanza kushuka. Mlima huo ndo unaowatenganisha watu. Mjini mtu anaweza akajikaza akaenda na spidi ya mwenzie huku anaongea na kucheka, ila kilomita mbili tatu za kupanda anakata moto, na akikata moto mapema hivyo haurudi.

Njia ya kwanza: pamoja mwanzo mwisho

Hii ndo tamu kwenye mazungumzo, na kama mwenzako ni mara yake ya kwanza kabisa na anaogopa, ndo nzuri kuliko zote. Lakini watu wanaikosea kwa namna moja ambayo mwenye spidi haioni kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza nilienda na shemeji yangu, anakimbia huyo, alijitolea kwa moyo safi, "shem usiwe na wasi, mimi na wewe mpaka mwisho." Basi alichofanya ni kwamba anakimbia spidi yake mpaka meza ya maji, anasimama ananisubiri, nikifika tunaondoka, baada ya dakika mbili keshapotea mbele, meza inayofuata namkuta tena. Kila nikitokeza namuona kasimama pale, mikono kiunoni, anatabasamu, na mimi njiani nilikuwa nimejiahidi nikifika tu pale kwenye maji natembea kidogo nivute pumzi. Ntatembeaje sasa mtu kanisubiri dakika nne? Nanyakua chupa, nakunywa nusu nusu nyingine inaingia kifuani, ananiambia "haya shem twende," yeye kapumzika kapoa kabisa, mimi ndo kwanza nafika. Mpaka tunageuza Mweka yule bwana alikuwa ameshapumzika mara nne au tano, mimi sijapumzika hata mara moja, na bado nilikuwa naona aibu kwamba namchelewesha.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, kusubiriwa kunachosha kuliko kuachwa. Aliyeachwa anatembea akitaka, anasimama akitaka, hakuna mtu mbele yake anayeangalia saa. Anayesubiriwa anakimbia mbio mbili kwa wakati mmoja, ya barabara na ya kutomuudhi mwenzie.

Kama mmeamua pamoja, basi iwe pamoja kweli. Spidi inapangwa na mwenye spidi ndogo, tangu hatua ya kwanza, na kipimo chake ni rahisi: anaweza kukwambia sentensi nzima bila kukata katikati? Akianza kujibu "mh" na "ee" mmeshazidisha, punguza bila kusubiri akuombe. Na angalia bega lako. Kuna watu wanakimbia na mwenzao lakini bega lao liko mbele kidogo muda wote, nusu hatua tu, akiongeza na yeye anaongeza, hiyo ni kumvuta mtu kwa kamba isiyoonekana. Hata kwenye mashindano ya wakimbiaji wasioona, ambako kuna kamba kweli, kiongozi haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mkimbiaji wake, sembuse wewe na shoga yako.

Kwa mwenye spidi gharama ipo, tusidanganyane. Yule wa saa 2 na dakika 6 akikubali kwenda saa 2 na dakika 48 ameongeza dakika 42 za kusimama kwa miguu, hatua zake sio za kawaida yake, na jua la Moshi ambalo huwa halimkuti barabarani siku hiyo litamkuta. Wenye saa tatu huwa wanamaliza kwenye jua ambalo wenye saa mbili wanalisikia tu kwenye stori. Vaa kofia. Na kama ulikuwa unatafuta muda wako bora mwaka huo, usijitolee alafu ukawa unaguna kilomita ya 15, bora ungekataa tokea Dar.

Na maneno. "Hii kwangu ni kama mazoezi tu," usiseme, hata kama ni kweli, mwenzio hapo anakufa. Usimwambie tumetumia muda gani kama hajauliza. Wala usijifanye umechoka ili ajisikie vizuri, anajua. Aprili 2024 kwenye nusu marathoni ya Beijing Wakenya wawili na Muethiopia mmoja walionekana kwenye video wanapunguza mwendo karibu na utepe ili Mchina apite mbele, wakafutiwa matokeo wote wanne, medali zikarudishwa na hela. Kwenu hakuna wa kuwafuta, ila hakuna anayependa kuachiwa pia.

Kuhusu kushikana mikono mkiingia uwanjani, mi sina neno. Kuna mapacha wa Kijerumani kwenye Olimpiki ya Rio 2016, Anna na Lisa Hahner, walimaliza marathoni wameshikana mikono, wa 81 na wa 82, chama chao cha riadha kikawasema kwamba Olimpiki sio mbio za kujifurahisha. Sisi zetu ni za kujifurahisha, shikaneni. Ila muwe wawili, mkiwa watano mmetanda barabara nzima kama mnazuia ng'ombe, nyuma kuna mtu ana sekunde kumi zake anazitafuta mwaka mzima na nyie mmemuwekea ukuta. Hiyo ni kwa njia nzima sio mwisho tu, wawili wawili, na ukitaka kutembea sogea pembeni kwanza, usifunge breki katikati.

Njia ya pili: kila mtu na mbio zake

Inasikika ngumu, kama hampendani vile. Kwangu ndo njia yenye heshima zaidi kwa watu waliopishana sana, na Kili inaifaa kwa sababu ya ule mlima, wanaoshuka wanapishana na wanaopanda. Yaani we uko unapanda roho iko mdomoni, ghafla unasikia jina lako, rafiki yako huyo anashuka anakatiza barabara anakupiga tano, "karibia unafika, pale kwenye watu wengi ndo mnageuza," uongo mtupu bado kilomita mbili, lakini nguvu inayoingia hapo, jamani. Shemeji angenisubiri meza zote hata asingenipa hiyo.

Na huwi peke yako. Huko nyuma kuna watu kibao wa spidi yako, tena wanaongea. Mi mwaka wa pili nilipanda Mweka yote na mmama mmoja wa Arusha simjui jina mpaka leo, tukawa tunakimbia dakika nne tunatembea moja, anahesabu yeye, alinihadithia ndoa ya mwanae yote mpaka tulipogeuza.

Faida nyingine ni mwanzo wenyewe. Mkiwa mmeamua kila mtu na zake, mwenye spidi anakaa mbele, mwenye taratibu anakaa nyuma, hamna anayelazimisha mwenzie asimame sehemu isiyo yake. Watu wanadhani ukianza nyuma unapoteza muda, hapana, chipu, kile kidude cha kupimia muda unachovaa, inahesabu kuanzia unapokanyaga ule mkeka wa mstari wa kuanzia, sio bunduki ikilia. Kuna dada wa kazini tulimburuza mpaka mbele kabisa mwaka fulani ili tutoke wote kwenye picha, ikalia pa, watu wakampita kushoto kulia kama mafuriko, wengine wanamsukuma, anasema mpaka leo mita mia mbili za kwanza ndo zilimtisha kuliko 21 nzima.

Hasara yake sasa. Sio kukimbia peke yako, ni kinachotokea ukifika. Mwaka huo wa pili niliingia uwanjani nimejikaza mpaka machozi, natafuta sura za watu wangu, hamna. Napiga simu, hazishiki, watu wengi. Nikawakuta baada ya nusu saa kwenye turubai huko wanakula, na picha ya pamoja na medali imeshapigwa, imeshapostiwa, "timu yetu imemaliza salama" na watu wameshaweka makopa kopa huko chini. Timu imemaliza na mimi niko kilomita ya 17. Kuachwa barabarani sikuwahi kukasirikia, ile picha niliikasirikia mwezi mzima.

Kwahiyo mkichagua hii, masharti ni haya na hayapungui: picha inamsubiri wa mwisho. Mtu mmoja anarudi nyuma mita mia tano nje ya uwanja kumpokea, anakaa pembeni sio kuingia barabarani, anapiga kelele. Kandambili zake na hela yake ya soda mnabeba nyie mlio mbele. Mnapanga sehemu ya kukutana inayoonekana, mti, geti fulani, sio "tutapigiana". Na akifika sentensi ya kwanza isiwe "umetumia masaa mangapi?"

Njia ya tatu: muanze pamoja muachane

Hii ndo watu wengi wanafanya bila kujua kwamba wameichagua, na ndo inayovunja urafiki.

Tatizo liko kwenye maneno matatu ya Kiswahili: "we tangulia, nakuja." Ukiambiwa hivyo kilomita ya nne inaweza kuwa na maana kama tatu hivi. Inaweza kuwa kweli kabisa, mtu amekuchoka, anataka atembee kwa amani. Inaweza kuwa heshima tu, anategemea useme "aa siendi popote" kama mtu anayekataa chakula mara ya kwanza huku ana njaa. Na inaweza kuwa naumwa ila naona aibu. Utajuaje wakati na wewe pumzi yenyewe ya kufikiria huna?

Mdogo wangu wa kike aliniambia hivyo, "dada we tangulia tu, mi nakuja," nikamuangalia, akatabasamu, nikaondoka. Nilikuwa nimemuendesha spidi yangu kilomita nne zote za mwanzo, sikumuuliza hata mara moja, yeye anajikaza asionekane mzigo. Nilivyogeuza nikashuka nikategemea nitapishana nae, sikumuona. Kumbe alikuwa amekaa pembeni kwenye ngazi za duka la mtu anatapika, mama mwenye duka kamletea maji kwenye kikombe. Alimaliza, kwa kutembea, ila chakula cha mchana siku hiyo tulikula tunaongea na simu zetu.

Dawa yake tumeijua baadae: sehemu ya kuachana inapangwa jana yake, sio njiani. "Meza ya pili ya maji tunaachana." Kwisha. Hapo hamna anayeomba ruhusa, hamna anayetoa ruhusa, mkifika mnagongana mikono kila mtu anashika lake, na yule wa taratibu haachwi kwa sababu ameshindwa, anaachwa kwa sababu ndo ratiba ilivyo. Inaondoa aibu yote. Na mpaka hapo spidi ni ya nani? Ya yule mwenye spidi ndogo, tena hasa, maana ukimchosha kilomita tano za kwanza alafu ndo umuache umemfanyia ubaya mara mbili.

Mwenye spidi nae apige hesabu: kilomita 5 ukienda kila moja kwa dakika 8 badala ya 6 ni dakika 10 zimeondoka, na huwezi kuzirudisha, ukijaribu kuzifidia kwenye mteremko wa Mweka mapaja yatakuuliza maswali Jumatatu. Kama unatafuta muda, hii sio njia yako. Kama hutafuti, ni raha, mnapata stori za mwanzo na kila mtu anapata mbio yake ya mwisho.

Sasa ipi

Mi naangalia kwanza mnapishana kiasi gani kwa kilomita, sio kwa maneno bali kwa saa, nendeni jogingi moja ndefu muone. Mkipishana chini ya nusu dakika kimbieni tu pamoja, hamna haja ya kikao. Nusu dakika mpaka dakika na nusu hivi, ya tatu inawafaa, mkishapanga pa kuachana. Zaidi ya hapo kila mtu na zake, isipokuwa kama mwenye spidi mwaka huo amekuja kwa ajili ya huyo mwenzie tu na amesema hivyo mwenyewe bila kusukumwa. Hicho ni kipimo changu, hakijaandikwa popote.

Kingine ni kwamba anayesindikiza lazima awe na akiba kubwa. Yule Mkenya Kipchoge alivyokimbia kilomita 42 za marathoni Vienna 2019 chini ya saa mbili, ile 1:59:40, wasindikizaji walikuwa 41, wakibadilishana kwa zamu, maana hata wale mabingwa hakuna ambaye angeshika ile spidi na yeye mpaka mwisho. Sa wewe unayemzidi mwenzio kidogo tu unajitolea kumsindikiza, kilomita ya 16 mmekufa wote wawili na hakuna wa kumtia moyo mwenzie. Na rafiki ambaye hajajiandikisha kuingia katikati "nimsindikize kidogo tu," maji anayokunywa ni ya mtu aliyelipia, aache.

Kuna njia ya nne ambayo watu wanaidharau, kila mtu umbali wake. Mmoja 42, mmoja 21, mmoja 5. Hamna anayemsubiri mtu barabarani, na wa kilomita 5 anamaliza mapema anakuwa ndo mpiga picha na mtunza mabegi, akiridhika. Mama yangu mdogo anafanya hivyo kila mwaka na ndo mwenye medali safi kuliko sisi wote.

Kitu kimoja kinavunja makubaliano yote: mtu akiumwa. Anayumba, anaongea vitu havieleweki, jasho limekata na jua linawaka, anasikia baridi, hapo hamna meza ya pili wala muda bora, unakaa nae, unamtuma mtu mwingine kwa wasimamizi. Kuchoka na kuumwa ni vitu viwili na mara nyingi usoni vinaonekana tofauti ukimuangalia kweli.

Na msichanganye na mazoezi. Alfajiri kule Coco, ufukweni Dar, hatumuachi mtu, giza bado, magari, walio mbele wanageuza wanarudi kumchukua wa mwisho, wanajiongezea na kilomita zao hapo hapo, kila mtu kafurahi. Siku ya mbio huwezi kugeuza ukaanza kushindana na watu elfu wanakuja, ndo maana sheria zinabadilika.

Mwaka huu tuko wanne. Shemeji kajiandikisha 42, kaniambia mwenyewe kwamba meza za maji atakunywa maji tu. Mama mdogo ana 5 zake. Mimi na mdogo wangu tuna 21, tunaachana meza ya pili, nimeiandika kwenye grupu na akajibu kwa dole gumba. Jana akanipigia, tukaongea mambo mengine yote, mwisho kabisa kabla hajakata akasema, "ila dada ukiona vipi we tangulia tu." Nikamwambia tutaonana meza ya pili.